Mrejesho: Kwa nini mdogo wangu anatapika sana baada ya kemo

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini mdogo wangu wa kike hutapika mno baada ya kemo (dawa za kutibu saratani), ilhali mama mmoja mtu mzima anayewekewa dripu kitanda cha jirani anakula vizuri. Asanteni sana mlionijibu. Tumeongea na daktari.

Kwanza ni dawa yenyewe. Anapewa sisplatini, ambayo bila kinga, yaani dawa za kuzuia kutapika, hutapisha zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100. Yule mama anapewa dawa nyepesi zaidi.

Kisha daktari akamgeukia mwenyewe: Ukipanda gari unatapika? Mimba ilikusumbua kwa kichefuchefu? Pombe unakunywa? Akajibu ndiyo, ndiyo, hapana. Ongeza kwamba ni mwanamke, umri bado mdogo, na ana hofu kubwa. Vyote vinazidisha uwezekano wa kutapika. Hilo la pombe lilinishangaza: waliozoea kunywa hutapika kidogo kuliko wasiokunywa, ingawa si sababu ya mtu kuanza.

Lililotusaidia zaidi ni hili: sisplatini huwa na wimbi la pili la kutapika baada ya saa 24, nalo huweza kuendelea siku kadhaa. Yeye alikuwa anapewa kinga siku ya dripu tu. Sasa deksamethasoni anaendelea nayo nyumbani, na usiku anameza olanzapini; zote ni dawa za kinga hiyo. Mzunguko huu hakutapika, na jana kaomba chakula mwenyewe!

Bado harufu ya spiriti inamchafua moyo hata kabla ya sindano. Kwa hilo ameandikiwa lorazepamu, dawa ya kutuliza hofu, ataimeza usiku wa kuamkia kemo ijayo.