Trela la mizigo lililotumika: nikague nini kabla ya kulipa?

Swali
Habari zenu wanajukwaa. Nimepata trela dogo la ekseli moja, ambalo nakusudia kulivuta kwa gari langu nikibeba mbao na mchanga. Muuzaji anasema limekaa uani miaka mitatu bila kutembea, na juzi amelipaka rangi upya. Kashata za matairi bado ni nene, lakini taa za nyuma hufifia breki inapokanyagwa. Kasoro zipi zinifanye niachane nalo, na zipi naweza kuzirekebisha mwenyewe?

Jibu la kwanza
Ndugu, kwanza linganisha namba ya chesisi na hati za umiliki, kwa sababu zisipolingana hakuna haja ya kukagua kingine. Kisha ingia chini na tochi, kwani rangi mpya huficha mengi. Angalia sehemu zilizochomelewa, hasa pale mkono wa kuvutia unapoungana na fremu na pale springi zinapofungwa, ukigonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, na kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu na kuachia magamba. Ufa kwenye mkono wa kuvutia ungetosha kunifanya niondoke.

Unene wa kashata hauelezi umri wa tairi. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. 2316, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi lililosimama juani hukauka na kufanya nyufa hata kama halijatembea.

Jibu la pili
Naongezea beringi, yaani vyuma vinavyoliwezesha gurudumu kuzunguka kwenye ekseli, maana ndizo zilizonitesa. Nililivuta trela langu siku ileile niliyolinunua, na niliposimama njiani kukagua, habu moja (kitovu cha gurudumu, zinamokaa beringi) ilikuwa ya moto kiasi kwamba sikuweza kuigusa. Nilipoifungua nilikuta grisi imekuwa nyeupe kama maziwa, ishara kwamba maji yalikwisha kuingia.

Inua gurudumu kwa jeki, ulishike juu na chini ulitikise, kisha ulizungushe ukisikiliza. Likicheza au likikwaruza, beringi zina kasoro. Hata likiwa kimya, kwa trela lililolala miaka mitatu mimi ningezifungua, nizioshe kwa mafuta ya taa, nizikaushe, halafu niisukume grisi mpya kwa kiganja hadi itokeze upande wa pili kati ya roli. Sili (inayozuia grisi kuvuja) na pini (inayozuia nati kufunguka) ziwe mpya. Nati ya kati haikazwi kama nati za tairi: ikaze huku ukizungusha gurudumu, kisha ilegeze kidogo mpaka lizunguke kwa uhuru bila kucheza.

Kuhusu taa, anza na waya wa hasi unaofungwa kwenye chesisi. Huenda rangi hiyo mpya imeingia kati ya waya na chuma, na msasa pekee utatosha.

Jibu la tatu
Pima pia mpira wa kuvutia, yaani tufe la chuma nyuma ya gari ambalo kikombe cha trela hukaa juu yake. Wa milimita 50 na wa inchi 1⅞, ambao ni karibu milimita 48, hufanana kwa macho, lakini mdogo ukiingia kwenye kikombe cha mkubwa, trela linaweza kuchomoka kwenye tuta. Minyororo ya usalama ipishane chini ya mkono wa kuvutia, ili iudake usianguke barabarani.

Unapopakia, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ilalie mpira. Kwa trela la kilo 600 pamoja na mzigo, hizo ni kilo 60 hadi 90, mradi gari lako linaruhusiwa kuzibeba. Mchanga ukirundikwa nyuma ya ekseli, trela huanza kuyumba mwendo unapoongezeka.

Muuliza swali
Nawashukuru sana. Leo nimerudi na tochi na nyundo: fremu ni nzima na namba zinalingana, lakini matairi yanasomeka 0914 na yana nyufa pande zote, hivyo muuzaji amekubali kupunguza bei. Waya wa hasi ulikuwa umefunikwa na rangi kweli. Nilipoukwangua, taa ziliwaka vizuri. Beringi nitazifungulia hapohapo uani kwake, kabla sijalivuta.