Kichomeo kinawaka nikishika swichi, nikiachia kinazima. Fundi anasema ninunue jiko jipya

Mpishi_Mchovu

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada kabla sijalitupa jiko ambalo bado nalipenda.

Ni jiko la gesi la vichomeo vinne, oveni iko chini, natumia mtungi. Ugonjwa uko kwenye kichomeo kimoja tu, kile kikubwa cha mbele kulia, na ndicho ninachokitumia kila siku. Nikibonyeza swichi na kuzungusha, cheche zinaruka, moto unawaka wa bluu, umejaa. Nikiachia, unazima. Nikishika sekunde kumi, nikiachia unazima. Nimeshashika mpaka kidole gumba kikabaki na alama ya swichi, na bado ukazima. Juzi nimepika nimeegemea jiko kwa nyonga, mkono mmoja umekandamiza swichi, mwingine unakoroga, na simu inaita sebuleni.

Historia yake ni hii. Wiki tatu zilizopita sufuria ilifurika usiku, moto ukazimika. Kwa hasira nikavua vichomeo vyote, nikaviloweka kwenye beseni la maji ya sabuni, nikavisugua kwa stili waya mpaka vinang'aa. Kisha nikausugua na mwili wa jiko lenyewe, na maji nikamwaga juu yake bila kupima (najua, najua). Usiku ule jiko likaanza kulia tak-tak-tak bila mtu kuligusa, nikachomoa waya wa umeme. Kesho yake mchana likanyamaza, lakini ndipo kichomeo kikubwa kikaanza haya.

Nimebadilisha mtungi. Nimebadilisha regyuleta. Fundi amekuja, amewasha mara mbili, kikazima mara mbili, akatikisa kichwa: "Valvu imekufa, spea hazipatikani, nunua jiko lingine." Hakufungua hata skrubu moja!

La pili, sijui kama yanahusiana: kichomeo cha nyuma kushoto ncha za moto wake zimekuwa za rangi ya chungwa. Zamani hazikuwa hivyo.

Kaka_Mkubwa

Gesi hiyo inaelekea kuisha. Badilisha mtungi.

Mpishi_Mchovu

Kaka, mtungi ni mpya, nimeandika hapo juu. Na kile kikubwa nikiwa nimekishika kina moto kuliko wenzake watatu.

Bibi_Spana

Mwanangu, usinunue jiko. Mimi nimefungua majiko zaidi ya miaka 20 kabla magoti hayajanikataza, na wewe umeeleza vizuri kuliko wateja wangu wengi. Gesi inafika, cheche ipo, moto unawaka. Kwa hiyo mtungi, regyuleta na mpira viache, havina kosa. Kinachokosekana ni mlinzi.

Vua sufuria na kile chuma cha kuikalisha, utazame pembeni ya kichomeo. Utaona vijiti viwili vimesimama. Kimoja kina kauri nyeupe, hicho ndicho cha cheche. Kingine ni chuma kitupu, ncha yake imeiva rangi ya kahawia au ya samawati kwa kuchomwa kila siku. Hicho mafundi wanakiita thamokapo. Ndani yake kuna metali mbili tofauti zilizounganishwa kwenye ncha, na ncha ikipata moto vinazaliwa vijiumeme vidogo mno, kama milivolti 20 au 30 hivi. Jambo hilo liligunduliwa na mwanafizikia Seebeck mwaka 1821, wala hakuwa anafikiria jiko. Umeme huo mdogo unapita kwenye waya mpaka kwenye valvu, ambako kuna kisumaku. Ukibonyeza swichi, mkono wako ndio unaofungua njia ya gesi. Ukiachia, kile kisumaku kinapaswa kushika mlango ubaki wazi. Moto ukizimika kwa upepo au kwa kufurika, ncha inapoa, umeme unakwisha, sumaku inaachia, gesi inafungwa. Usiku ule sufuria ilipofurika, huyo ndiye aliyekulinda.

Sasa kwako sumaku haishiki. Sababu ziko nne: ncha haipati moto wa kutosha, thamokapo imekufa, muunganiko wake kwenye valvu umelegea au una kutu, au sumaku yenyewe imekufa. Fundi wako ameruka tatu za kwanza akatua kwenye ya nne, ambayo ndiyo ghali na ndiyo adimu.

Kabla ya kufungua chochote nijibu: ukiachia kinazima palepale, au kinakaa sekunde moja mbili ndipo kinakata?

Njia_Mkato

Mbona rahisi. Kata hicho kisumaku ndani ya valvu kitoke kabisa, gesi ipite muda wote. Kwangu nimefanya hivyo vichomeo vyote, mwaka wa pili huu. Majiko ya zamani hayakuwa na hivyo vidude na watu walipika.

Bibi_Spana

Njia_Mkato, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Haipandi ikatokea dirishani, inateremka, inajaa sakafuni na kwenye kabati la chini, inangoja cheche. Pua yako iko juu, yenyewe iko kwenye vifundo vya miguu. Watu walipika kweli na yale majiko ya zamani, na wengine waliungua nayo. Rudisha ulichokitoa, au ukishindwa, uwe unafunga mtungi kila unapomaliza kupika na usimwache mtoto karibu na swichi. Mwanangu Mpishi, huo ushauri uupite.

Mpishi_Mchovu

Shikamoo bibi. Nimeangalia kwa saa. Nikiachia kinazima palepale, hakisubiri hata sekunde. Kijiti nimekiona, ni kile ambacho nimekuwa nikikisugua nikidhani ni uchafu ulioganda.

Bibi_Spana

Marahaba. Hapo nimecheka peke yangu.

Fanya kipimo hiki, hakina gharama. Funga mtungi. Chomoa umeme. Vua vichomeo na bati la juu. Kutoka kwenye kila thamokapo utaona waya mwembamba wa shaba unakwenda kwenye valvu yake, umefungwa kwa nati ndogo (majiko mengine unachomekwa tu). Fungua wa kichomeo kikubwa, fungua na wa jirani yake wa mbele kushoto. Wa jirani uupeleke kwenye valvu ya kikubwa, kama unafika bila kuvutwa. Nati ikaze kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Wenye nguvu nyingi ndio wanaoziharibu.

Rudisha bati, fungua mtungi, pitisha povu la sabuni kila ulipogusa. Povu likitoa mapovu yanayokua, funga mtungi uanze upya. Usijaribu kwa njiti ya kiberiti, hata mara moja. Likitulia, mwite mtu wa pili. Yeye awashe cha mbele kushoto na kuendelea kukandamiza swichi, maana hicho sasa hakina mlinzi. Wewe washa kikubwa, hesabu mpaka kumi, achia.

Kikubwa kikibaki kinawaka, sumaku yake ni nzima na fundi wako amekosea. Kikizima, nitamwomba radhi.

Mpishi_Mchovu

BIBI! Kimebaki kinawaka! Tumekitazama na mdogo wangu dakika nzima kama watu wanaotazama mpira. Nikamwambia aachie chake, vyote viwili vikazima, chake mara moja, changu baada ya kama nusu dakika. Nimeelewa kila ulichoandika kwa hilo tukio moja.

Kwa hiyo nitafute thamokapo mpya?

Bibi_Spana

Usiwe na haraka ya kununua. Valvu imepona shutuma, sasa washukiwa ni thamokapo yenyewe na mahali ilipokaa. Rudisha kila waya kwenye valvu yake, uangalie kama nati ina kutu au unyevu, maana ulimwaga maji. Kisha piga magoti macho yawe usawa wa vichomeo, linganisha ncha ya kijiti cha kikubwa na za wenzake. Zote zinapaswa kusimama palepale ambapo moto unatoka, ncha iwe ndani ya ndimi za moto. Uniambie unaona nini.

Sahani_Moja

Samahani kuingilia uzi. Mimi langu ni la umeme, sahani moja kati ya nne haipati moto kabisa, taa yake inawaka. Nianzie wapi?

Bibi_Spana

Zima umeme kwenye swichi kuu, hakikisha kwa mita kwamba hakuna umeme, kisha toa waya za hiyo sahani upime omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) kati ya miguu yake miwili. Sahani ya wati 1500 kwenye volti 230 itakupa kama omu 35. Ikiwa mita haisomi chochote, uzi wa ndani umekatika, badilisha sahani. Ikisoma vizuri, kosa liko kwenye swichi yake au kwenye waya ulioungua kichwani. Pima pia kati ya mguu mmoja na chuma cha nje, hapo pasisome kitu. Pakisoma, usiiwashe tena. Kwa zaidi fungua uzi wako, hapa tuna mgonjwa.

Mpishi_Mchovu

Nimepiga magoti, bibi, na tochi ya simu. Nina mambo mawili ya kukiri.

La kwanza, ncha ya kikubwa iko chini kuliko za wenzake, tofauti yake ni kama unene wa sarafu mbili. Vijiti vyote vimeshikwa kwa kibanio cha bati chini ya kichomeo. Hicho kimoja kibanio kimetoka kwenye mfereji wake. Ni mimi nilipokuwa nakisugua kwa nguvu za hasira, nimekisukuma kikazama.

La pili ndilo lililoniaibisha. Kile kichwa cha kichomeo chenye matundu ya moto pembezoni nilikigeuza dhidi ya mwanga wa dirisha. Matundu yote yanapitisha mwanga, isipokuwa matatu. Nikachokonoa moja kwa kijiti cha meno, ukatoka uzi wa stili waya, umejikunja kama unywele, umeungua mweusi. Na hayo matatu ndiyo yanayotazamana na thamokapo.

Kwa hiyo kijiti kimezama, na moto uliokuwa ukipasha kijiti nimeuziba mwenyewe. Nilikuwa na kichomeo kinachong'aa ambacho kinapasha kila kitu isipokuwa mlinzi wake.

Nimepandisha kijiti mpaka kibanio kikaingia, nimetoa nyuzi zote, nimekausha. Nimewasha, nimehesabu mpaka sita, nimeachia.

Kinawaka. Nimetembea mpaka sebuleni na kurudi kwa makusudi. Kinawaka.

Bibi_Spana

Vizuri sana. Kijiti cha meno ndicho hasa. Siku nyingine usitumie sindano ya chuma, na usiiguse kabisa ile nozeli ndogo ya shaba iliyo chini ambayo gesi inatokea. Tundu lake limepimwa. Ukilipanua kidogo tu, moto unakuwa mrefu, wa njano, wenye masizi. Ndiyo maana pia jiko lililotoka na nozeli za gesi asilia haliwekwi mtungi vivi hivi. Nozeli zake zina tundu pana zaidi, lazima zibadilishwe kwanza.

Ule mlio wa tak-tak wa usiku nao ulitokana na maji uliyomwaga, ukaisha wenyewe yalipokauka. Kikasha cha cheche ni kimoja kwa vichomeo vyote, na chini ya kila swichi kuna vibati viwili vinavyogusana ukibonyeza. Maji yakiingia hapo, kikasha kinadhani umebonyeza. Ukavu ndio dawa yake.

Sasa hicho cha nyuma kushoto. Weka sufuria ya maji yenye kitako safi, iache dakika tano, ugeuze uangalie. Ina masizi?

Mpishi_Mchovu

Hakuna masizi. Kitako kiko kama nilivyokiweka. Ila moto bado una ncha za chungwa, na ukichungulia zinakuja kwa kupasukapasuka, si muda wote.

Bibi_Spana

Basi hewa inatosha. Ingekuwa hewa haitoshi moto ungekuwa wa njano, mlegevu, unaopepea, na sufuria ingekuwa nyeusi, na hapo ningekwambia uzime na ufungue madirisha, maana moto wa namna hiyo hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Wako una sabuni tu. Sabuni na chumvi vyote vina sodiamu, na sodiamu ikiungua inatoa rangi hiyohiyo. Hukusuuza vizuri. Kivue kikiwa kimepoa, kisuuze kwa maji matupu mara mbili tatu, kikauke kabisa ndipo ukirudishe. Na kile kijino cha chini kiingie kwenye pengo lake, kichwa kisikae upande.

Mpishi_Mchovu

Nimesuuza, maji ya kwanza yalitoka na povu, sina la kujitetea. Kimekauka juani tangu asubuhi. Bluu tupu sasa.

Fundi amepiga simu jioni hii kuuliza kama nimeshaamua kuhusu jiko jipya, anayo mawili. Nimemwambia nipo jikoni napika, mikono yote miwili iko huru.

Kaka_Mkubwa

Na ule mtungi wa kwanza ulikuwa umeisha?

Mpishi_Mchovu

Ulikuwa nusu, kaka.