Cardiff kwa treni Jumamosi, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kutoka London

Mama Wawili
Habari zenu wadau. Tunataka kwenda Cardiff Jumamosi moja, watu wazima wawili na watoto wawili (miaka 8 na 4). Tutaondoka Paddington asubuhi na kurudi jioni. Tukate tiketi gani isituumize mfukoni? Kasri na ule upande wa ghuba tutaviweza siku moja, au tuchague kimoja? Na mdogo bado anasukumwa kwenye kigari, kwa hiyo mnaojua penye ngazi nyingi mtuambie mapema.

Behewa la Mwisho
Dada, tiketi isubiri kwanza, angalia tarehe. Siku nyingi za Cardiff huharibikia hapo.

Uwanja wa Principality uko hatua chache tu kutoka stesheni ya Cardiff Central, na unaingiza watu zaidi ya 70,000. Siku ya mechi ya raga au tamasha, barabara za katikati ya mji hufungwa kwa magari, mabasi hubadilishwa njia, na mkitaka kurudi mnapangwa foleni nje ya stesheni kufuatana na mnakoelekea. Kusimama hapo na mtoto wa miaka 4 aliyechoka ni adhabu. Fungua kalenda ya uwanja, na ukiona tukio siku hiyo, hamisha safari.

Jambo la pili ni njia yenyewe. Kati ya Bristol Parkway na Newport treni hupita kwenye handaki chini ya mto Severn, lenye urefu wa kilomita 7, lililofunguliwa mwaka 1886. Chemchemi iliyopasuka wakati wa kulichimba bado inatoa maji, ndiyo maana pampu hazizimwi hata siku moja. Kazi za matengenezo hufanywa mara nyingi wikiendi, na handaki likifungwa treni huzungushwa kupitia Gloucester. Dalili yake utaiona kwenye ratiba ya mtandaoni: safari ya kawaida ni chini kidogo ya saa mbili. Ukiona saa mbili na nusu au zaidi, au alama ya basi, jua kuna kazi njiani. Zaidi ya hapo, magharibi kidogo ya Paddington wanajenga stesheni mpya ya Old Oak Common, nayo ina siku zake za kuvuruga ratiba.

Nusu Nauli
Nauli niachieni mimi.

Wa miaka 4 hasafiri kwa tiketi, chini ya miaka 5 ni bure. Ila hana haki ya kiti kama kuna abiria aliyelipa anayekihitaji, kwa hiyo akae katikati yenu. Wa miaka 8 analipa nusu. Mkiwa na mtoto wa miaka 5 hadi 15, kata kadi ya punguzo ya Family & Friends: inapunguza theluthi moja ya nauli ya watu wazima na asilimia 60 ya mtoto. Bei yake ilipanda hadi paundi 35 mwaka 2025. Kwa familia kama yenu, safari moja tu inaweza kurudisha sehemu kubwa ya pesa hiyo, na kadi inaishi mwaka mzima. Msisafiri bila huyo mkubwa, maana punguzo linataka mtoto wa umri huo awepo.

Kisha linganisha aina mbili za tiketi. Advance, yaani ya kukata mapema, ina bei nafuu zaidi lakini inakufunga kwenye treni moja tu. Super Off-Peak (ya saa zisizo na msongamano) ya kwenda na kurudi ni ghali kidogo, ila Jumamosi unaweza kuchagua treni. Ushauri wangu ni kuchanganya: Advance ya asubuhi, kwa sababu saa ya kutoka nyumbani mnaipanga wenyewe, na jioni mwe huru. Kabla ya kulipa piga hesabu, kwani pengine tiketi ya kwenda peke yake ya aina hiyo ya pili inakaribia bei ya kwenda na kurudi. Ikiwa hivyo, chukua ya kwenda na kurudi, basi.

Kosa linalowapata wengi: kugusa kadi ya benki kwenye lango la Paddington kama wanavyofanya kwenye treni za chini ya ardhi. Upande huo kugusa kadi kunaishia Reading. Cardiff lazima uwe na tiketi kabla hujapanda.

Mama Wawili
Asanteni sana, hilo la kadi ya benki lingetukuta. Kwenye ubao wa Paddington nitafute neno Cardiff?

Behewa la Mwisho
Tafuta Swansea au Carmarthen. Treni nyingi zinapita Cardiff na kuendelea mbele, kwa hiyo jina linaloonekana kwa maandishi makubwa ni la mwisho wa safari. Ile ya Bristol Temple Meads siyo yenu. Ninyi mnapitia Bristol Parkway, stesheni tofauti kabisa.

Tena angalia herufi ya behewa kabla ya kupanda. Baadhi ya treni ni mbili za mabehewa matano zilizounganishwa, na ndani hakuna njia ya kupita kutoka moja kwenda nyingine. Ukipanda nusu isiyo na viti vyako, utasubiri mpaka Reading ushuke na kukimbia na kigari.

Kasa wa Harlech
Kuhusu kasri na ghuba: vyote viwili vinawezekana mkifika kabla ya saa tano asubuhi. Ila mimi ningemwacha mdogo asione kasri kwa ndani. Mnara wa Wanormani uko juu ya kilima cha kutengenezwa, ngazi zake ni kali na nyembamba, kigari hakipandi. Kilicho kizuri kwa wakubwa ni vyumba vilivyopambwa na msanifu majengo William Burges kwa ajili ya mwenye kasri, lodi aliyeitwa Marquess wa Bute wa tatu, na hapo mtoto wa miaka 4 ataomba kutoka baada ya dakika kumi. Sanamu za wanyama juu ya ukuta wa nje mtaziona bila kulipa, na bustani ya Bute Park iko nyuma yake.

Makumbusho ya Taifa ni mwendo mfupi kutoka hapo, hakuna kiingilio (Jumatatu hufungwa). Nenda moja kwa moja kwa kasa aliyesukumwa na bahari ufukweni Harlech mwaka 1988: kilo 916. Watoto huganda mbele yake. Ninyi mpokezane mpande kwenye michoro, mkamwone yule mwanamke wa gauni la buluu wa mchoraji Renoir, wa mwaka 1874.

Nusu Nauli
Hapo kwa kasri sikubaliani. Wa miaka 8 atapenda ule mnara, na mzazi mmoja anaweza kubaki chini na kigari. Anayelipa kiingilio aingie mapema, saa za mchana foleni hujaa.

Behewa la Mwisho
Kwenda ghuba: kuna mashua kutoka Bute Park ikiwa mto Taff haujafurika. La sivyo treni fupi kutoka stesheni ya Queen Street (siyo Central), au basi namba 6. Huko zamani maji yakipwa palibaki matope matupu, kwani tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye mlango wa Severn hufika mita 14. Ukuta wa kuzuia maji uliokamilika 1999 ndio ulioifanya ghuba kuwa ziwa. Mtatembea kando yake bila ngazi, toka jengo jekundu la Pierhead hadi kanisa la Wanorwe alikobatizwa Roald Dahl, mwandishi wa vitabu vya watoto.

Mkitoka Central, msiipite sanamu ya Betty Campbell pale kwenye eneo la wazi mbele ya stesheni. Alikuwa mwalimu mkuu wa kwanza mweusi Wales, na shule yake ilikuwa Butetown, mtaa wa bandarini walikokaa mabaharia Wasomali na Wayemeni.

Kurudi, msilenge treni ya mwisho, lengeni inayoitangulia. Majukwaa yako juu ya mtaa na lifti zipo, lakini ni ndogo, fikeni dakika 20 kabla. Treni ikichelewa dakika 15 au zaidi, pigeni picha ya tiketi na kudai fidia ndani ya siku 28.