Kemo na kusahau: michezo ya akili inasaidia kweli?

Mama Pacha: Jamani, nina lukemia, saratani ya damu, niko mzunguko wa 3 wa kemo, zile dawa kali za saratani. Mimi mhasibu, nilikuwa najumlisha safu nzima kichwani. Jana nimesimama mbele ya friji, sijui nimefuata nini. Binti yangu kaniwekea programu ya mazoezi ya ubongo. Nianze, au napoteza muda?

Kiraka: Pole, dada. Nilipotibiwa limfoma, saratani ya tezi za limfu, nilicheza kila asubuhi. Nikawa bingwa wa kukumbuka kadi, lakini funguo bado nazitafuta! Unachokifanyia mazoezi ndicho unachokiweza. Kilichoniokoa ni daftari moja tu, kengele ya simu kwa ajili ya dawa, na kutembea.

Muuguzi Mstaafu: Cheza, haidhuru. Ila kama unameza deksamethasoni, dawa ya aina ya steroidi, hiyo hufukuza usingizi, na asiyelala hukumbuka nini? Mweleze daktari, upungufu wa damu nao huleta ukungu kichwani. Ukipata homa au kuchanganyikiwa ghafla, usingoje kesho, nenda hospitali papo hapo.

Mama Pacha: Kumbe! Naimeza, na usiku silali, nahesabu boriti za paa. Asanteni. Daftari nimeshanunua, sasa sikumbuki nimeliweka wapi.