Dickens, barua za rafiki zako zilikukosea nini?

Wakuu, najua kwetu si adabu kumsema marehemu, ila huyu Charles Dickens, yule mwandishi wa riwaya wa Uingereza, leo simwachi.

Wiki ya tatu sasa nasoma barua zake. Zimechapishwa zaidi ya 14,000, juzuu 12. Machi 1841 anamwandikia mchoraji Daniel Maclise, rafiki yake wa damu, kumpa taarifa ya msiba: Grip, kunguru wake wa kufuga, amefariki. Anasimulia kama vile kafa mzee wa mtaa. Daktari kaitwa, mgonjwa kanyweshwa mafuta ya nyonyo, kesho yake kapata nafuu hadi kanywa uji. Saa sita mchana akazungukazunguka bandani, akabweka, akapepesuka, akasema "Haloo, bibie!", akakata roho. Nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akanigeukia.

Nikataka jibu la Maclise. Hakuna! Juzuu zote 12 ni Dickens anaongea, wenzake kimya, kama unamsikiliza abiria aliyeshika simu sikioni.

Septemba 1860, kwenye shamba la nyumba yake ya Gad's Hill, Kent, jamaa alichoma barua na makaratasi yote ya miaka 20. Watoto wake walisomba kwa vikapu. Kesho yake akamwandikia msaidizi wake kwa majigambo kwamba moshi ulipanda kama jini anayetoka kwenye kasha, kisha mvua ikanyesha. Na wanawe wakachoma vitunguu kwenye yale majivu. Vitunguu, jamani! Barua za waandishi wenzake Thackeray na Wilkie Collins, za wachoraji waliompambia jukwaa la michezo yake bila kudai senti!

Watetezi wake mtaniambia faragha. Sawa, 1858 alikuwa ameachana na mkewe, na barua yake ya siri ikaishia kwenye gazeti la New York. Aliumia, naelewa. Lakini aliyeumizwa na barua yake mwenyewe anachomaje za Maclise? Na hakuishia siku ile. Baadaye alimweleza mwigizaji Macready kwamba sasa kila barua inayomfikia, isipokuwa ya kikazi, anaiteketeza.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Maclise aliipeleka ile barua ya kunguru kwa rafiki yao John Forster, akaambatanisha mchoro wa Grip akipaa mbinguni. Mchoro ule tunao. Umepona kwa sababu ulikwenda kwa Forster na si kwa Dickens.

Naye Forster msimsifu sana. Alipoandika kitabu cha maisha ya Dickens, alikata barua kwa mkasi na kubandika vipande kwenye muswada wake. Mabaki mengi hayajaonekana tena. Halafu 1880 shemeji mtu na binti wa Dickens wakatoa barua zake kitabu, nao wakapunguza walipotaka, pengine wakaunga vipande vya barua mbili vikawa barua moja.

Aliyetunza ni yule yule mkewe, Catherine, aliyezaa naye watoto 10 kisha akatolewa nyumbani. Kabla hajafa 1879 alimkabidhi binti yake Kate barua alizoandikiwa na mumewe, azipeleke British Museum, ili watu wajue kuna wakati alipendwa.