Naomba ushauri: remember na remind zinanichanganya

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kidogo. Remember to lock the door nimeielewa, unakumbuka kwanza ndo unafunga, na remember locking the door ni ulishafunga na picha yake unayo kichwani, hapo sina shida. Kinachonitesa ni remind, kamusi nilizopekua zinaanza na kumkumbusha mtu jambo, sawa, sasa she reminds me of my sister mbona hapo hakuna anayemkumbusha mwenzake kitu, ni kufanana tu au kuna zaidi? Halafu remember me to your mother ndo imenimaliza kabisa, naona kama ni kutuma salamu, je watu bado wanaitumia au nikiiandika kwenye barua nitaonekana wa kizamani?