MJADALA: Dereva wa ambulansi akiumia akilini, nani athibitishe kuwa ni kazi iliyomuumiza?

Dereva wa Zamu

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili bila kejeli, linanigusa mimi mwenyewe.

Ni dereva wa gari la wagonjwa hapa Dar, mwaka wa 9 sasa. Hospitali siitaji. Watu hudhani kazi yetu ni kupiga king'ora na kukanyaga mafuta. Ukishamshusha majeruhi mapokezi bado una kazi ya kuosha gari. Saa 9 usiku unafungua mlango wa nyuma, unamwaga maji na jiki, unasugua sakafu mpaka maji yatoke meupe. Usiku mmoja, baada ya ajali Barabara ya Mandela, niliosha mara 4. Niliowabeba usiku ule siwezi kuwaeleza hapa. Tangu siku hiyo mke wangu akiloweka mashuka kwa jiki, mimi natoka nje ya geti, natembea hadi barabarani, nasubiri harufu iishe. Mwanzoni alidhani nina mwanamke mwingine.

Usingizi ukakata. Nikaenda kwa daktari wa palepale kazini. Alinisikiliza vizuri, simlaumu. Akaniandikia ED, yaani ruhusa ya kupumzika kazi, ya siku 3, na penye sababu akaandika "maumivu ya mgongo". Mgongo wangu ulikuwa mzima kabisa. Akaniambia, "Nikiandika ukweli, hutapata mapumziko, utapata maswali."

Hoja yangu ni hii. Tuna Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, nayo ya 2008, na Mfuko wake. Nikivunjika mguu zamuni, njia inajulikana. Nikikosa usingizi miezi 6, ni mimi wa kuthibitisha kwamba ni ile ajali, si mikopo, si ugomvi wa nyumbani, si pombe. Nithibitishe kwa nini? Kwa ndoo ya jiki?

Jimbo la Ontario kule Kanada lilipitisha sheria mwaka 2016 iliyougeuza mzigo huo. Zimamoto, polisi au mhudumu wa ambulansi akipimwa na mtaalamu na kukutwa na maradhi ya kiwewe, yanahesabiwa kuwa yametokana na kazi, mpaka ionyeshwe vinginevyo. Shirika la Kazi Duniani nalo liliyaweka maradhi hayo kwenye orodha yake ya magonjwa ya kazini tangu 2010. Nataka kifungu kama cha Ontario hapa kwetu: kwa zimamoto, trafiki, wauguzi wa dharura, sisi madereva, na wahudumu wa chumba cha maiti ambao hakuna anayewataja. Naomba kuwasilisha.

Mlipa Kodi, Kimara

Pole ndugu yangu, lakini tuwe wakweli. Kuna wajawazito wanaambiwa waje na glovu zao. Kabla ya kulipia wanasaikolojia wa watumishi, tumalize hayo kwanza.

Mzee wa Temeke

Pole kijana wangu. Mimi ni askari mstaafu. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipolipuka Ubalozi wa Marekani nilikuwa zamu. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la mabomu la Mbagala lilipolipuka nilikuwa zamu. Tulifanya tuliyopaswa kufanya, kesho yake tukaripoti kazini. Sisemi hatukuumia. Wapo wenzangu walioishia kwenye gongo, na leo nikiwakumbuka najua ilianzia wapi. Wakati ule tulisema tu fulani amekuwa mlevi.

Ila sheria yako naiogopa. Askari akiandikwa kwamba akili imetikisika, silaha inachukuliwa, na ni haki ichukuliwe. Asiye na silaha atapelekwa stoo. Wa stoo akumbukwe na nani cheo kikitoka? Kwa hiyo atamdanganya daktari. Atasema analala vizuri, anakula vizuri. Na kumbuka Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haiwahusu polisi, chama cha wafanyakazi hawana. Atasemewa na nani?

Mchuuzi wa Mtaa wa Kongo

Mimi nauliza kitu kimoja. Mnaposema mwokoaji mnamaanisha mwenye sare tu?

Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliposhuka Kariakoo, waliofika kwanza ni sisi. Wachuuzi, wabeba mizigo, vijana wa bodaboda. Tulichimba kwa mikono na vipande vya nondo. Kulikuwa na watu chini kabisa, wazima, wanaongea. Mimi nililala kifudifudi kwenye kifusi, namwambia mmoja, "Kaka usilale, niambie unauza nini." Akaniambia anauza mikoba. Tuliongea bei za mikoba. Baadaye wakatuondoa ili wataalamu wafanye kazi, na ni sawa, lakini mpaka leo sijui kama yule kaka alitoka. Mkoba ukining'inia dukani napita upande wa pili.

Na yule kijana mvuvi wa Bukoba, Majaliwa Jackson, ndege ilipoanguka ziwani 6 Novemba 2022, alikimbilia akiwa na mkataba gani? Alikuja kuajiriwa zimamoto baadaye. Sheria yako inanihusu vipi mimi nisiye na mwajiri?

Sista wa Dharura

Nachangia kama muuguzi. Dereva, kwenye kugeuza mzigo nakuunga mkono. Lakini nina hofu na namna sheria zetu zinavyotekelezwa. Najua kitakachofanyika: semina. Watakusanywa watu 80 ukumbini siku mbili baada ya tukio, kila mmoja aeleze alichokiona, soda, picha ya pamoja, taarifa imeandikwa. Shirika la Afya Duniani limeshashauri kikao cha namna hiyo kisitumike. Wengi huanza kupata nafuu wenyewe wakiwa na usingizi, chakula na mtu wa kukaa naye. Wasiopata nafuu ndio wanaohitaji mtaalamu kwa wiki kadhaa, mtu yuleyule, si mgeni kila siku. Na mtu akija hana usingizi tusikimbilie kumpa diazepamu, ile dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Mwongozo wa shirika hilohilo wa 2013 unakataza kuitoa kwa dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza. Mnajua wenyewe inavyotolewa kirahisi.

Kingine, na hiki kinaniuma. Kanuni ya Adhabu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mtu amefika mwisho wa uwezo wake, na tunajua kuna kesi inamngoja kitandani. Anayejua hivyo hatasema chochote kwa daktari, hata kama fomu ni nzuri namna gani. Ukiandika sheria yako, anza kwa kukifuta kifungu hicho.

Dereva wa Zamu

Nimesoma yote. Ndugu wa Kimara, sipingi glovu. Ila huyo mjamzito anapopelekwa usiku kwa Barabara ya Morogoro, anayeshika usukani ni mimi ambaye sijalala tangu jana. Nikimuua njiani glovu hazitamsaidia.

Mzee wangu shikamoo. Jibu langu kwa la silaha ni kwamba sheria itenganishe vitu viwili ambavyo leo vinakwenda pamoja. Silaha ichukuliwe. Mshahara, cheo na zamu ya kupandishwa visiguswe, na iandikwe kwamba mtaalamu ataangalia upya kila baada ya muda fulani kama silaha irudi. Hapo naona sababu ya kusema ukweli inazidi sababu ya kuficha. Kuhusu wa kuwasemea sina jibu, umenikamata.

Sista, la jinai sikuwa nimelifikiria kabisa. Liwe la kwanza.

Mchuuzi, wewe umenifanya nikae kimya dakika nyingi. Mfuko wa Fidia unachangiwa na waajiri, kwa hiyo fidia sioni unaipataje, na sitakudanganya. Lakini matibabu si fidia. Nimefika kwenye matukio mengi na kila mara naona daftari likiandikwa: waliokufa, majeruhi, wamepelekwa wapi. Sijaona hata mara moja ukurasa wa waliochimba. Jina, namba ya simu, mtaa. Afisa ustawi wa jamii awapigie baada ya mwezi mmoja, awaulize wanalalaje. Asiyelala apewe barua atibiwe bure. Kwa hilo kalamu inatosha, na nitalipeleka ofisi ya mbunge wetu pamoja na yale mengine.

Wewe niandikie faragha lini ulikuwa pale kwenye kifusi na upande gani. Tulibeba watu kutoka upande wa Mchikichini. Nitawauliza wenzangu kama kuna aliyetoka akitaja mikoba. Naingia zamu sasa, nitajibu wengine asubuhi.